Redio Iliyokuwa Bubu Nyumbani Tu

Redio yangu ya mfukoni ilijaa nikiwa katikati ya sentensi. Ni redio ndogo ya kuenea kiganjani, inapiga nyimbo na kunasa sauti. Ilitoa mlio mmoja, kioo chake kikaandika kwamba nafasi imekwisha, ikanyamaza.

Wacha niseme nilikuwa nanasa nini. Masikio ya mume wangu, Baba Pacha, yalianza kufifia miaka sita iliyopita. Tangu hapo kila ninalomwambia nalipigia kelele. Chakula! Dawa! Mlango! Sasa kuna maneno hayapigiwi kelele. Huwezi kusimama jikoni ukapaza sauti, "Nimekumbuka ulivyokuwa unanichekesha," mtaa mzima ukaitika. Kwa hiyo niliyanong'oneza redioni asubuhi, kabla sijaanza kushona. Machache yalikuwa matamu, mengi yalikuwa malalamiko. Na siku ile ilipojaa nilikuwa nasimulia jambo ambalo sijapata kumwambia mtu: siku niliyofunga begi nikaenda stendi, nimwache Baba Pacha aendelee na ukimya wake.

Hilo sikutaka alisikie kamwe. Lakini pia sikutaka lifutike.

Nikaipeleka kwa fundi, mwanamke mwenye kibanda jirani na duka la dawa. Wanamwita Miwani Miwili, maana huvaa moja machoni na nyingine huisahau kichwani. Nilibeba pia zile mashine mpya za masikio ambazo mapacha wetu walimnunulia baba yao. Alizivaa siku moja tu akazitupa kwenye droo, eti hata kijiko kinamtukana.

"Mashine nitazipunguza ukali, bibi," alisema fundi. "Na redio nitaitoboa ubavuni, niiwekee kadi ya memori. Utaongea mpaka uchoke mwenyewe. Nikuwekee na blutuu?"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Sauti inasafiri bila waya."

"Inasafiri kwenda wapi?"

"Unakoituma, bibi."

Sina ninakotuma sauti mimi. Lakini alikuwa na furaha, sikupenda kumkatisha, nikasema weka.

Alinipa kigoda chake, yeye akafanya kazi amesimama. Alihamisha sauti zangu zote arobaini na moja bila kusikiliza hata moja. Kujaribu, alitumia wimbo wake. Akasogeza mashine moja ya Baba Pacha karibu na sikio, akatikisa kichwa kwa mdundo ambao mimi sikuusikia, akanirudishia vitu vyangu.

Kesho yake, Baba Pacha ameketi dirishani na gazeti, mashine zake masikioni, nikabonyeza kwa sauti ya chini, nihakikishe maneno yangu yamo. Namba zikaanza kukimbia kwenye kioo. Sauti hakuna. Nikaongeza. Hakuna. Nikaitikisa, nikaipuliza, nikaiweka juani kidogo. Nikafikiri labda kadi mpya inahitaji kuzoea, nikaiacha ikimbize namba zake nami nikashona mapazia ya watu. Kimoyomoyo nilikuwa nalia. Miaka sita ya maneno, imemezwa na kijikadi cha ukubwa wa ukucha.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo.

Halafu mambo ya nyumbani yakaanza kunichanganya kuliko redio. Taulo bichi, ambalo Baba Pacha hulitupa kitandani tangu tuoane, nililikuta kwenye kamba, limenyooshwa. Ndoo ya maji, niliyozoea kuikokota na goti langu hili, niliikuta jikoni imejaa. Jioni nikakuta mto umewekwa kwenye kiti changu cha cherehani. Nikauinua, nikatazama chini yake. Hapakuwa na kitu.

"BABA PACHA, UNAUMWA?" nikampigia kelele.

Akaruka kama aliyechomwa sindano. "Sasa hiyo ya nini, mama? Kutwa nzima unaongea vizuri, ghafla unanipasua kichwa!"

Nilikuwa sijafungua mdomo tangu asubuhi. Nikasema moyoni, basi, akili nayo inafuata masikio.

Kesho yake nikamrudia fundi na redio yangu bubu. Akabonyeza, na sauti yangu ikajaa kibanda kizima: "Taulo, kila siku taulo, kwani hii kamba niliifunga ya kunguru?" Wateja wawili wakageuka. Fundi akaizima haraka, akakohoa kunifichia aibu.

"Mbona nzima, bibi?"

"Hapa kwako nzima. Nyumbani bubu."

"Nyumbani kuna nini?"

"Kuna babu tu."

Akavuta miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile nyingine. "Anavaa mashine?"

"Anavaa."

"Ole wangu! Bibi, nisamehe. Siku ile niliijaribu redio kwa mashine za babu, nikasahau kuzitenganisha. Redio ikiwa karibu na zile mashine inazitambua, inazipelekea sauti zote. Spika yake inanyamaza. Unapobonyeza wewe, anasikia yeye."

"Yote?"

"Yote, bibi."

Akataka kuzitenganisha pale pale. Nikamwambia aache kwanza. Sijui kwa nini.

Nilirudi polepole nikihesabu. Asubuhi tatu, saa mbilimbili. Taulo amesikia. Goti amesikia. Na ya arobaini na moja, ya begi? Nilitembea nikimwomba Mungu awe alisinzia.

Baba Pacha alikuwa dirishani, gazeti limekunjwa. Hakunitazama.

"Mama Pacha," akasema. "Basi lilikuja. Halafu?"

 Nikakaa kwenye kiti chenye mto.

"Umenisimulia mpaka basi linafika, ukanyamaza," akasema. "Tangu jana nasubiri. Nimeogopa kuuliza."

Nikavuta pumzi nipige kelele kama nilivyozoea, nikaziacha pumzi zitoke zenyewe. Nikasema kwa sauti ya kawaida, ile niliyoiacha miaka sita:

"Lilikuja. Nikaweka mguu kwenye ngazi. Nikakumbuka nimeacha birika motoni, na wewe husikii likilia."

"Ukashuka?"

"Nikashuka."

"Kwa ajili ya birika."

"Lingeunguza nyumba."

 Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, kile cha zamani. Akafuta macho kwa gazeti. "Birika limeniolea mke mara ya pili," akasema.

Nikamweleza habari ya kadi, na blutuu, na sauti inayosafiri bila waya. Nilichanganya yote, maana hata mimi sikuwa nimeelewa.

"Ndiyo maana," akasema. "Nilikuwa nakutazama, unaongea na midomo haichezi. Nikasema nimekwisha. Nikaona bora ninyamaze, nitii tu."

Akainama, akanisogelea mpaka magoti yetu yakagusana, akaukodolea macho mdomo wangu.

"Na sasa hivi? Ni wewe au ni redio?"

"Ni mimi."

"Haya, endelea."