Gauni la Maua Halishonwi

Mama mwenye mkoba mweusi alilitupa gauni juu ya cherehani, akajifuta jasho, akasema kwa sauti ya asali, "Fundi mwanangu, nitolee aibu hii leo leo. Limenaswa na msumari."

Fundi alilikunjua. Alilifahamu vizuri, maana alimshonea mwenyewe mke wa mtoto wa mama huyu. Kitambaa cha maua ya buluu, mabegani mshono wa mara mbili, kwa kuwa binti huyo hubeba mtoto mgongoni kutwa. Sasa kola inaning'inia, bega limechanika lote, vifungo vimeng'oka na kitambaa chake, na kifuani damu imekauka. Msumari gani huo wenye vidole?

"Huo msumari unalala chumba gani, mama?"

"Usinichimbe. Ni mambo ya mke na mume. Walikorofishana kidogo tu, binti kakimbilia kwa shangazi yake kajifunga shuka. Kesho polisi wanakuja kulichukua gauni. Wewe shona, mimi nitafua. Mwanangu akifungwa, mjukuu wangu atalelewa na nani?"

Fundi alipandwa na hasira. Ukutani, juu ya rafu ya nyuzi, kulikuwa na picha ya dada yake, aliyeuawa na mumewe. Gauni la dada nalo lilikuwa na damu. Mama yao, kwa kuogopa macho ya watu, alilifua akalipiga pasi. Mahakamani likaonekana jipya kama la dukani, na shemeji akatoka anacheka na wakili wake. Hadi leo anapita dukani hapo na kusalimia, "Hujambo, shemeji?" Hana haya hata chembe!

"Sishoni," alisema Fundi.

"Basi lete. Mafundi wamejaa tele."

Fundi alilikunja, akalitia kwenye mfuko wa karatasi, akalikalia. Kisha akampigia simu shangazi wa binti, mteja wake wa siku nyingi, akamwambia amlete binti sasa hivi.

"We! Hiyo nguo ya nyumbani kwangu!"

"Ni ya mke wa mwanao. Mwenyewe yuko njiani."

"Roho mbaya wewe! Ungekuwa mzazi ungenielewa."

"Nakuelewa sana. Mama yangu naye alifua."

Mama yule alimtazama, akatazama picha ukutani. Aliokota mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Binti alifika ameshikwa mkono na shangazi yake, jicho moja limevimba hadi limefumba. Hakusalimia. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kukosa, "Umeshalishona?"

"Sijaligusa hata kwa sindano."

Binti aliupokea mfuko, akaukumbatia, akalia kwa sauti. Fundi alimwacha alie. Halafu alifunga duka mchana kweupe, wateja na wasubiri, akaitungua picha ya dada ukutani, akaibana kwapani. Wakaongozana watatu kwenda kituo cha polisi, na huko yeyote atakayeuliza huyo wa kwenye picha ni nani, ataambiwa.