Waziri na Makuli wa Ashdodi

Pinhas Zerbib alifika uwaziri kwa ngumi, na hakuwahi kulikana hilo. Baba yake, mhamiaji kutoka Moroko, alikuwa kuli katika bandari ya Ashdodi. Pinhas naye akawa kuli, na mdogo wake Prosper akamfuata. Mgomo mkubwa ulipozuka, wakubwa walileta malori ya vibarua ili wauvunje. Pinhas alisimama langoni na kulabu ya kubebea magunia, akamvunja taya dereva wa kwanza, na malori mengine yakageuza. Makuli wakamfanya kiongozi wao. Toka hapo akapanda: chama, Bunge, mwisho Wizara ya Uchukuzi kule Yerusalemu.

Na ni yeye huyo aliyepeleka mswada wa kuuza gati la kusini. Hakuhongwa. Alikuwa ameona meli zikisubiri baharini mpaka machungwa yanaoza gatini, akaamini kwamba lisipouzwa gati moja, bandari nzima itakufa. Wasaidizi walimsihi asiende kuwaeleza makuli mwenyewe. Akasema wale ni watu wake, hawawezi kumla.

Nusura wamle. Alipanda juu ya kreti ndani ya karakana ya winchi, na mwanzoni walimsikiliza. Mzee mmoja akauliza ni wangapi watabaki kazini. Pinhas, ambaye hakujua kudanganya watu wa kwao, akasema nusu yao.

Nati kubwa ya chuma ikaruka, ikampasua mlinzi wake jicho. Zikafuata minyororo na viti. Walimvuta Pinhas kwa tai mpaka sakafuni, wakamkanyaga mbavu. Akainuka. Akampiga mtu mmoja kichwa cha pua, akasikia mfupa ukivunjika, na kwa kitambo kidogo akaonja ile raha ya ujana wake. Hapo ndipo kulabu ilipomwingia begani kwa nyuma, ikavutwa. Alipogeuza shingo aliuona uso wa Prosper, umepauka kama chokaa.

"Ulitufundisha mwenyewe, kaka," Prosper akasema taratibu.

Hospitalini, Waziri Mkuu alikuja na maua na afisa wa polisi. Waziri anayevuja damu alikuwa na faida kwake. Mswada ungepita kama maji. Afisa akauliza nani aliyemchoma.

"Sikumwona."

"Walinzi wanasema uligeuka, Mheshimiwa."

"Niligeuka. Nikaona damu yangu."

"Pinhas, mtu yule alitaka kukuua," Waziri Mkuu akasema.

"Yule akitaka kuua hachomi bega."

Waziri Mkuu akamwomba afisa atoke nje. Jambo lile halikuulizwa tena.

Mswada ulipita. Pinhas aliupigia kura ya ndiyo huku mkono umefungwa shingoni, kwa kuwa bado aliuamini. Nusu ya makuli wakapoteza kazi, Prosper akiwa mmoja wao. Watu wakavunja kwa mawe madirisha ya Freha, mama yake Pinhas na Prosper, ingawa wengi wao walikuwa wamekula kuskusi yake tangu wadogo. Pinhas alimpelekea gari la kumhamisha; mama akalirudisha tupu. Uchaguzi wa ndani ya chama ulipokuja, Ashdodi ilimtupa, akawa mtu wa kawaida, hana mlinzi wala dereva.

Ijumaa moja, jua linakaribia kuzama na Sabato inaingia, alipanda ngazi za nyumba ya mama yake. Prosper akafungua mlango. Akampiga ngumi ya mdomo, jino likatoka. Pinhas akamrudishia kwa mkono uliobaki mzima. Wazee wawili wenye mvi wakabiringishana ngazini, wakipigana vichwa ukutani, wakikabana koo, wakihema kama punda. Majirani walifungua milango, wasiamue.

Freha alitoka na ndoo ya maji ya kudekia na tambara lake, akawamwagia wote wawili.

"Mkimaliza, kausheni hizo ngazi," akasema, akarudi jikoni.

Prosper aliketi pale pale, damu ikimchuruzika kidevuni, akaanza kulia.

"Siku ile nilitaka kukuua," akasema. "Mkono ndio uliokataa."

"Najua."

"Na leo bado nataka."

"Hilo nalo najua."

Pinhas akaokota tambara, akajaribu kulikamua, lakini bega lilimgomea. Prosper akamnyang'anya, akalikamua mwenyewe, wakaanza kufuta damu kutoka ngazi ya juu kushuka chini.