Bakshishi ya Kaka

Mshonaji alikuwa hajawahi kuingia kwenye ukumbi wa mapumziko wa uwanja wa ndege. Siku hiyo aliingia kwa kadi ya benki ya kaka yake, mpima ardhi, iliyompa huduma hiyo bure. Walikuwa wanakwenda kwenye harusi ya binti wa mama yao mdogo, na mshonaji alikuwa amebeba gauni la bibi harusi ndani ya mfuko mrefu ambao hakutaka mtu auguse.

Kaka mtu, nyumbani walimwita Birika, kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa mgumu. Kwenye michango ya ukoo alikuwa wa mwisho kutoa na wa kwanza kuuliza zimetumikaje. Ndiyo maana mshonaji alishangaa kumwona anafika kaunta ya vinywaji, anasalimia, kisha anachomeka noti chini ya glasi tupu. Vinywaji humo vilikuwa vya bure, na wageni wengine walichukua vyao wakaenda zao bila hata asante.

Lililomkaa rohoni zaidi ni kwamba mhudumu, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, hakumuuliza Birika anakunywa nini. Alimwekea soda ya tangawizi, barafu tele na kipande cha ndimu.

Siku zote Birika alisema yeye na ndege hawajuani, kazi zake ni za barabarani. Kumbe hapa anajulikana mpaka kinywaji chake. Mshonaji akakumbuka zile siku Birika alizodai anapima mashamba porini, simu haipatikani, na jinsi wifi yake alivyolalamika. Akamtazama mhudumu upya, kuanzia nywele mpaka kidole cha pete.

Birika alipokwenda msalani, mshonaji akasogea kaunta. Akaweka noti kubwa kuliko ya kaka yake, akauliza kwa sauti ya chini huyu bwana huwa anapita hapa na nani.

Mhudumu alimaliza kufuta glasi, kisha akairudisha noti kwa ncha ya kidole.

"Dada yangu, bakshishi naipokea kwa kumhudumia mtu. Hii unanipa nimseme mtu."

"Kwa hiyo kuna la kusema."

"Huyo anarudi. Muulize mwenyewe."

Mshonaji alirudi kitini. Hakumngoja kaka yake akae.

"Una familia nyingine?"

Birika alizungusha maneno weee, mwisho akasema huwa anakwenda kumwona baba yao.

Baba huyo aliondoka mshonaji akiwa hajaanza shule, na mama yao alipiga marufuku jina lake kutajwa nyumbani. Birika alikutana naye kazini, mzee akiwa mlinzi wa shamba moja ambalo Birika alitumwa kupima. Sasa mzee alikuwa mgonjwa, anaishi chumba kimoja nyuma ya gereji, katika mji uleule wa harusi. Siku alipopigiwa simu kwamba mzee amezidiwa, Birika alisubiri ndege kwenye kaunta hii, machozi yakamshinda mbele za watu. Mhudumu hakumuuliza kitu. Alimgeuzia kiti kielekee ukutani, akawapeleka wageni wengine upande wa pili. Tangu hapo hapiti bila kumwachia chochote.

Mshonaji hakuamini. Ilikuwa hadithi nzuri mno kwa mtu aliyebanwa.

"Mpigie," akasema. "Sasa hivi, nisikie."

Birika akapiga, akampa simu. Upande wa pili mtu alikohoa, kisha akauliza taratibu, "Umeshafika, baba? Ijumaa utakuja?"

Sauti ile aliijua. Hakudhani anaikumbuka. Alimrudishia kaka yake simu, akainamia mfuko wa gauni akiunyoosha mahali ambapo haukuwa umekunjika.

Ijumaa, baada ya kumkabidhi bibi harusi gauni, alimwambia mama yake anakwenda kutafuta vifungo. Alifuatana na Birika mpaka nyuma ya gereji. Mzee alikuwa ameketi kitandani, macho hayaoni vizuri. Alipomwona mwanamke amesimama mlangoni alimwita kwa jina la mama yao, akaanza kuomba radhi.

Birika alitaka kumweleza. Mshonaji akamshika mkono anyamaze, akavuta kiti karibu na kitanda, akamwacha mzee aseme yote.