Tatu ya Fundi Mwashi

Fundi alikuwa na jibu moja tu, na jibu lenyewe lilikuwa tatu.

"Kutoka sifuri mpaka kumi," mtafiti alikuwa akimsomea, "sifuri ikiwa huna maumivu kabisa, na kumi ikiwa ni maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuyafikiria, wiki hii maumivu yako yamekuwa ngapi?"

"Tatu."

Jumanne nne mfululizo aliuliza hivyo, kwa maneno yaleyale, bila kuongeza wala kupunguza, maana ndivyo alivyofundishwa: usimwongoze mgonjwa, usimtilie maneno mdomoni. Utafiti ulihusu wagonjwa arobaini na wawili waliokuwa wakiuguzwa nyumbani, watu ambao hospitali ilikuwa imekwisha kusema kwamba hawatapona. Kilichotafutwa ni namna ya kuwapunguzia mateso. Kila Ijumaa daktari wa utafiti alizipitia namba hizo na kuamua nani abadilishiwe dawa. Mwenye tatu hupewa vidonge vya kawaida, basi Fundi akawa anameza vidonge vya kawaida.

Mtafiti huyo, Fundi alimbatiza jina la Bi Dodoso tangu siku ya kwanza alipotandaza makaratasi yake ya maswali magotini. Na kweli jina lilimkaa. Ofisini hakuna aliyemshinda kwa madodoso safi, yasiyo na mkwaruzo, pembeni peupe. Mkuu wa utafiti aliwahi kuliinua moja mbele ya mkutano ili wengine waige, na tangu hapo Bi Dodoso alitembea shingo juu kidogo. Tumsamehe, kila mtu ana kinachomvimbisha kichwa.

Fundi mwenyewe alikuwa mwashi kwa miaka arobaini. Saratani ilianzia kwingine ikashuka hadi kwenye uti wa mgongo. Sasa alishinda kwenye kiti cha mbao, kifua amekiegemeza kwenye mto uliowekwa juu ya meza, mikono yake mikubwa yenye makovu ya saruji ikining'inia. Utani haukumwisha.

"Hizi karatasi zako hazichoki?" alimwuliza. "Mimi ningekuwa karatasi, ningeshaomba likizo."

Jumanne ya tano Bi Dodoso alifika mapema. Akapiga hodi, mke wa Fundi akamkaribisha kutoka jikoni, naye akaingia sebuleni polepole. Fundi hakumwona. Alikuwa akijaribu kusogeza mguu sakafuni, kiasi cha upana wa kiganja tu. Mguu uliposogea, mdomo wake ulifunguka bila sauti kutoka. Akaung'ang'ania ukingo wa meza, uso ukawa rangi ya majivu, jasho likadondokea mto. Muda ulipita wa kutosha mke wake kusuuza sahani mbili kule jikoni, Bi Dodoso alizisikia zote mbili.

Kisha Fundi akamwona, akajifuta uso kwa kiganja.

"Karibu, Bi Dodoso. Leo umewahi."

Bi Dodoso alikaa, akalisoma swali kama lilivyoandikwa.

"Tatu," akasema Fundi. Naye akaandika tatu.

Mke wa Fundi alimsindikiza hadi mlangoni, akauvuta mlango nyuma yake.

"Mwanangu, andika nane."

"Siwezi, mama. Lazima liwe jibu lake mwenyewe."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe unakaa hapa nusu saa, mimi niko naye usiku na mchana. Sasa karatasi ikisema tatu, na mimi nikisema nane, daktari ataamini ipi?"

Jibu Bi Dodoso alilijua.

"Labda umwombe aseme ukweli," alisema.

"Nimemwambia mpaka mdomo umenikauka. Nimemwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Anasema hafichi kitu, ni tatu." Mama yule alijifuta mikono kwenye khanga ingawa ilikuwa mikavu. "Mimi siombi apone. Hilo tumeshalikubali, mimi na yeye. Naomba tu asife hivi."

Bi Dodoso alifika barabarani, akasimama, akajiona mjinga, akarudi. Mkoba aliuacha mlangoni pamoja na viatu.

"Fundi, nimerudi bila karatasi," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja. Kumi yako wewe ni nini?"

Fundi alimtazama. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayeulizwa kuhusu kazi yake.

"Nilidhani hamtauliza," alisema. "Zamani, nikiwa bado kijana, tulimimina zege la ghorofa. Msimamizi akaamuru nguzo za mbao ziondolewe kabla ya siku zake. Likashuka lote. Mwenzangu tuliyejifunza naye kazi lilimbana kuanzia kiunoni. Nilimshika mkono tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, walipopata mashine ya kuliinua. Hakuvuka siku ile." Alivuta pumzi. "Kumi ndiyo ile, mwanangu. Nimeiona kwa macho yangu. Mimi niko kwenye kiti, chini ya paa, nina mke wa kunisugua miguu. Nikijiita nane nitakuwa namdhulumu marehemu."

Bi Dodoso alikuwa amesoma juu ya wagonjwa wanaoficha maumivu kwa woga, kwa aibu, kwa kiburi, kwa kuwahurumia watoto wao. Hakuna aliyemwambia kwamba yuko mtu atakayeyapunguza maumivu yake kwa kuogopa kumpunja mtu aliyekufa zamani hizo. Alijiona mdogo mbele ya yule mzee, na hakuona aibu kuwa mdogo.

"Na usiku unalala wapi?" aliuliza.

"Hapahapa." Fundi alipapasa mto wa mezani.

"Tangu lini?"

Fundi alimgeukia mkewe kwa macho tu.

"Miezi mitano sasa," akasema mkewe. "Akijinyoosha, anapiga kelele. Basi analala amekaa, na mimi natandika mkeka hapo chini, karibu na mguu wa kiti."

Kitanda kilikuwa pale pembeni, kimetandikwa vizuri, shuka limevutwa likakazika. Miezi mitano hakikulaliwa na mtu. Dodoso lilikuwa na maswali ishirini na manne, na hakuna lililouliza mtu analala wapi.

Bi Dodoso aliufuata mkoba wake, akalitoa dodoso, na pale pembeni peupe palipompa fahari akaandika kwa herufi kubwa: ANALALA AMEKETI, MIEZI MITANO. Hakuingoja Ijumaa. Alimpigia daktari simu akiwa amesimama palepale.

Daktari alikuja na Bi Dodoso kesho yake asubuhi. Alikuwa mwanamume mfupi asiye na haraka, mwenye chupa ya morfini ya maji, dawa kali ya maumivu. Alikaa mbele ya Fundi na kumweleza atakunywa kiasi gani na kila baada ya saa ngapi.

"Hiyo si dawa ya wanaokufa?" aliuliza Fundi.

"Ni dawa ya wanaoumwa, mzee wangu. Kufa hakuhitaji dawa, njia kunaijua kwenyewe."

Fundi alicheka kwa kadiri mbavu zilivyomruhusu. Akanywa, akakunja uso.

"Chungu!"

"Alhamdulillahi," alisema mkewe. "Leo umekiri kitu."

Wakangoja. Nusu saa ya kwanza haikuonyesha kitu. Kisha mabega ya Fundi yakashuka, kwanza moja, halafu la pili. Mikunjo ya paji la uso, ambayo Bi Dodoso alidhani ni ya uzee, ikaanza kukunjuka yenyewe. Fundi akainua kifua kutoka kwenye mto. Akageuza shingo kukitazama kitanda.

Walimpeleka wote watatu, hatua kwa hatua. Alipoketi ukingoni alitulia, akiyangoja maumivu yaje. Hayakuja. Akajilaza kidogo, akangoja tena. Mwisho mgongo wote ukagusa godoro, miguu ikanyooka, akashusha pumzi ndefu ambayo Bi Dodoso hakuwahi kumsikia binadamu akiishusha. Kabla ya dakika kumi kupita alikuwa anakoroma.

"Huyu ndiye," alinong'ona mkewe.

"Nani, mama?"

"Huyu ndiye aliyenioa. Sijamwona siku nyingi."

Hakuna aliyetaka kuondoka. Daktari, ambaye kazi hii ameifanya miaka mingi na angeweza kuwa ameizoea, alikaa kwenye kile kiti cha mbao akautazama ule usingizi. Bi Dodoso alijaa kicho. Vijiko viwili vya maji machungu, na mtu amerudishiwa mgongo wake! Na yeye alikuwa akimwandikia tatu.

Fundi aliamka baada ya adhuhuri. Akaitazama dari. Akausogeza mguu upana wa kiganja, halafu tena, zaidi.

"Kumbe," alisema. Kisha akaita, "Bi Dodoso, karatasi zangu za nyuma ziko wapi?"

"Ziko ofisini, Fundi."

"Zina kosa, na kosa ni langu. Kumi nilikuwa naijua. Sifuri ndiyo niliyoisahau. Nilidhani nikikaa kimya bila kujitikisa, pale ndipo sifuri. Kumbe nilikuwa nimeanza kupima kutoka ghorofa ya pili." Alifumba macho, akafanya hesabu yake taratibu kama mtu asiyetaka kumpunja yeyote. "Ilikuwa tisa. Karekebishe, wasije wakawapimia wengine kwa ukuta wangu uliopinda."

Wengine. Walikuwa arobaini na mmoja, na karatasi zao zote safi. Mtaa wa tatu kutoka pale aliishi fundi cherehani mmoja, mama mjane, ambaye kila Jumatatu alisema mbili, tena kwa tabasamu. Bi Dodoso alikuwa akimsifu kwa wenzake: mgonjwa asiye na shida.

Aliaga, akatembea haraka mpaka karibu akimbie. Mjane yule alimfungulia mwenyewe, ameshikilia fremu ya mlango.

"Mbona leo si Jumatatu? Haya, andika, mbili."

Bi Dodoso hakuufungua mkoba. Aliingia, akaketi, akangoja mama naye aketi.

"Mama," alimwuliza, "jana ulilala wapi?"

Mama yule akaacha kutabasamu.