Dakika Arobaini za Hadia

Barua ya saba kutoka shuleni ilimtaka Bi Mahfudha aje atie sahihi ili bintiye Hadia aondolewe kwenye somo la sanaa. Kosa ni lile lile la tangu chekechea: hatulii. Kipindi cha sanaa kingegeuzwa kuwa cha hesabu, maana mtoto asiyekaa kitini, kwa maoni ya Bwana Hillary, naibu mwalimu mkuu, hastahili starehe. Starehe! Kitu pekee cha shule kilichomfanya Hadia aamke alfajiri bila kuburutwa.

Mahfudha alitoka mtaani kwake Wiyoni amejiandaa kuaibika, kama kawaida yake. Alipopita dirisha la chumba cha sanaa akasimama. Mwanawe alikuwa wima mbele ya kibao cha plasta mbichi, akichonga maua kama yaliyo kwenye kuta za nyumba za kale. Mwalimu Bochaberi, aliyekuja kisiwani Amu kutoka Kisii mwaka jana tu, alikuwa amegundua jambo ambalo wenzake hawakujisumbua kulitafuta. Ukimpa Hadia penseli na saa nzima, umempoteza. Ukimpa plasta kidogo inayoganda kwa robo saa, hakusikii hata ukimwita. Akimaliza anazunguka chumba, anakunywa maji, anarudi kwenye kibao kingine. Basi. Haikuhitaji fimbo.

"Hadia! Ofisini!" Hillary alikuwa mlangoni.

"Mwache amalize, Bwana Hillary, plasta inaganda," Bochaberi akamsihi.

"Wacha igande."

Ikaganda, ua likiwa nusu.

Ofisini, mama akiwa pembeni, Hillary alimweka Hadia kitini, akamwekea birika mezani na karatasi mbele yake. "Mama, mimi si mtu mbaya. Achore hii birika kwa penseli, dakika arobaini, bila kuinuka. Akiweza, atabaki kwenye sanaa. Akishindwa, utaweka sahihi kwenye fomu hii."

"Tabibu kaandika ana hiyo ADHD, ya mtoto kutoweza kutulia," Mahfudha akasema kwa sauti ndogo. "Kasema si kiburi."

"Hayo ni magonjwa ya wazungu. Huyu anataka nidhamu."

Mahfudha akatoa tasbihi mkobani. Alitaka kuhesabu mwanawe atainuka mara ngapi, apate kumkemea vizuri nyumbani. Dakika ya nne Hadia akainuka, akajikumbuka, akaketi. Mahfudha akavuta punje moja. Kisha simu ya Hillary ikalia, naye akainuka akaenda kuzungumzia dirishani. Akarudi kuketi, akainuka kutafuta chaja. Akatoka kulinyamazisha darasa la jirani. Akatoka tena kuulizia chai yake, kisha tena, na tena. Vidole vya Mahfudha vikawa vinavuta punje za upande wa pili, na yeye mwenyewe hakuviamuru. Hadia alikuwa amebana miguu chini ya kiti, jasho linamtoka, mdomo ameuma. Birika aliyoichora haikuwa hata na mkono.

Hadia alipoinuka mara ya tatu, Hillary akapiga meza. "Umeona, Mama? Mara tatu!"

"Nimeona," akasema Mahfudha. "Na wewe mara tisa."

"Mimi nina kazi!"

"Na yeye alikuwa na kazi. Wewe ndiwe uliyemtoa."

Hillary akaisukuma ile fomu mbele ya Mahfudha, na kalamu juu. Mahfudha aliitazama ile karatasi na hasira ikampanda. Hasira kwa mtu huyu na kiti chake, na hasira kubwa zaidi kwa mtu mwingine, aliyekuwa amevaa buibui la Mahfudha mwenyewe. Barua zote hizo, na hakuwahi hata mara moja kuuliza huyu mtoto hukaa wapi akatulia.

"Sitii sahihi, Bwana mwalimu," akasema, Kiamu cha nyumbani kikimtoka. "Barua zako sita nilizisoma. Kila moya ikiya, nilimpiga. Niliona wewe wajua kuliko mimi niliyemzaa. Na hii ya saba nimekuya nayo mkobani, nikijua leo jioni nitampiga kwayo. Sasa nionyeshe ndia: yale mapigo sita nayatoa vipi mwilini mwake?"

Hadia alikuwa ameiweka penseli chini. Ametulia tuli kitini, anamtazama mama yake.