Ukuta Uliovilia Damu

Jumapili hiyo mshonaji alifika kanisani kabla ya watu, amebeba kikapu cha vitambaa vya madhabahu alivyovitia wanga na kuvipiga pasi mwenyewe. Alivaa gauni la mikono mirefu, ingawa jua lilishaanza kuchoma, kwa sababu Ijumaa mumewe alirudi na hasira zake na chakula kilikuwa kimepoa. Alipokunja mikono ili atandike, akaona mkono wake wa kushoto ni safi. Ile michirizi myeusi ya vidole vinne haikuwepo. Ilikuwa ukutani, nyuma ya viti vya kwaya, kwenye kimo cha mkono wake.

Akautazama ukuta kidogo, akamaliza kutandika. Maumivu yenyewe yalibaki kwake palepale. Kilichohama ni alama tu.

Mama huyu alikuwa mkongwe wa kuvumilia. Mara moja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa, alimfuata mama mchungaji akiwa na mdomo uliopasuka. Akashikwa mikono, akaombewa, akaambiwa, "Mwanangu, huo ni msalaba wako. Nyamaza, Bwana anaona." Basi akanyamaza. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Hizo mbivu hakuwahi kuziona hata kwa mbali, lakini alinyamaza kweli kweli, mpaka wanawake waliowajibu waume zao wakawa wanapelekwa kwake kujifunza. Faraja yake ilikuwa moja. Akijifungia bafuni alizitazama alama zake, akijua kwamba siku akifungua mdomo, hizo zitamtolea ushahidi. Sasa hata hizo zimemkimbia. Alijiona mpweke kuliko siku zote.

Kamati ya ujenzi, ambayo mwenyekiti wake alikuwa huyo huyo mumewe, kwanza ilisema ni unyevu. Fundi rangi akaitwa. Akapaka, akarudia, na Jumapili iliyofuata doa likajitokeza tena na jingine juu yake, la zambarau, limeumuka kama unga uliotiwa hamira. Fundi akalibonyeza kwa kidole gumba. Ukuta ukajivuta.

"Wazee, hii si kazi ya rangi," alisema, akifuta brashi yake. "Huu ukuta umepigwa."

Hakuna aliyebisha, mwenye macho haambiwi tazama. Mwenyekiti ndiye aliyeumia kuliko wote. Akavua miwani. "Mtu gani huyu asiye na haya, wa kuupiga ukuta wa nyumba ya Mungu? Hauna mdomo wa kusema, hauna mkono wa kujikinga!" Machozi yakamtoka, na yalikuwa machozi ya kweli.

Akawekwa mlinzi. Baada ya siku kadhaa akaleta taarifa: hajaja mtu, ukuta unavimba wenyewe, hasa jioni, saa za chakula. Wazee wakamshukuru, wakamwongezea tochi.

Hapo akina mama wakaingiwa na huruma, wakapanga zamu za kuuguza. Walileta mabeseni, maji ya moto yenye chumvi na taulo laini walizokuwa wamewawekea wageni. Waliukanda taratibu, wakiubembeleza, "Pole, mama, pole," ingawa wengine walishikilia kwamba ukuta ni baba, na nusura wagombane. Waumini wa makanisa ya jirani wakaja kuujulia hali. Mchungaji naye akahubiri juu ya ukuta uliopigwa na usianguke, na kanisa zima likalia. Mshonaji alikaa kwenye kiti chake, ubavu ukimchoma kila alipovuta pumzi, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Akauonea wivu. Ndiyo, aliuonea wivu ukuta, na nani angemlaumu?

Jumatano moja ukuta ukaamka na jicho lililofumba kwa uvimbe. Mshonaji alifika kwenye zamu yake akipapasa viti njiani, maana jicho lake la kushoto lilikuwa halioni, japo uso wake ulikuwa laini kabisa. Safari hii mumewe alikuwa ameshika chuma cha pasi. Akajiambia, leo nasema, liwalo na liwe. Akamvuta mama mchungaji pembeni.

"Mama, huo ukuta ni mimi."

Mama mchungaji aliendelea kukamua taulo. "Tunajua, mwanangu."

"Mnajua?"

"Tangu doa la kwanza. Vidole vya mzee nani asiyevijua, si ndivyo vinavyotupa mkono kila Jumapili mlangoni?" Akamgusa shavu. "Mungu amekutua mzigo. Ona, uso umerudi kama wa binti."

"Lakini bado inauma, mama. Na ataniua. Nakuambia ataniua."

Mama mchungaji akatafakari, kwa upole wake wote. Kisha akawageukia wenzake. "Jamani, hapo kwenye jicho msikande kwa nguvu." Akamkabidhi mshonaji taulo. "Haya, zamu yako hiyo."

Mshonaji akaenda. Akaiweka taulo ya moto juu ya jicho la ukuta, akangoja kama joto litafika kwenye jicho lake. Halikufika. Ukuta ndio uliolegea chini ya kiganja chake, ukashusha pumzi.

"Pole," akauambia.

Tangu aolewe hakuwahi kulisikia neno hilo likisemwa kwa ajili ya jicho lake, na sasa amelisema mwenyewe, mbele ya wanawake kumi waliojua. Nje honi ikalia. Mumewe amekuja kumchukua, na hakupenda kungojeshwa. Akina mama wakampisha. Mmoja akamkumbusha kwamba Jumamosi ni zamu yake tena, aje na chumvi. Akaitikia kwamba atakuja, akaanika taulo, akatoka haraka.