Bakuli Lililokuja Kimya

Jioni ya kwanza melini, mama alipowekewa bakuli la supu mbele yake, alilivuta karibu, akaliinamia kama mtu anayesikiliza mlangoni, akanong'ona, "Marahaba, mwanangu." Ndipo akashika kijiko.

Wenzake wa mezani walidhani anaomba dua ya chakula, wakanyamaza kwa heshima. Naye hakuwasahihisha. Kumbe kijana wake ndiye aliyekuwa mpishi wa supu wa meli ile, na ndiye aliyemkatia mama yake tiketi ya safari, kwa nafuu wanayopewa jamaa za wafanyakazi. Ila sheria ya meli ilikuwa ngumu. Mtu wa jikoni haketi na abiria, haonekani kwenye ukumbi wa chakula, na simu yake hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Na zamu yenyewe huisha abiria wote wameshaanza kukoroma.

"Sasa mimi na wewe tutaonana vipi?" mama alimuuliza siku ile ya kupanda, wamesimama mlangoni mwa chumba chake chenye dirisha la duara, begi lingali chini halijafunguliwa.

"Tutaonana kwenye supu, Bi Mkubwa," alijibu kijana. Hajawahi kumwita mama yake jina jingine tangu ajue kusema. "Shikamoo yako nitaitia ndani ya bakuli. Wewe nusa tu utaisikia."

Mama alicheka mpaka mtandio ukamdondoka, kwa kuwa alielewa mara moja. Ni yeye aliyemfundisha kupika, mtoto amesimama juu ya kigoda ili aone ndani ya sufuria. Alimfundisha kuponda kitunguu saumu na chumvi, na kukitia sufuria ikishaepuliwa. Ukikitia mapema harufu yake hufia motoni, lakini ukikitia mwisho, hukufikia puani kabla kijiko hakijafika mdomoni. Hakuna mwingine jikoni mle aliyefanya hivyo, maana haikuandikwa kwenye mapishi ya meli. Mpishi mkuu alikuwa ameonja, akakunja uso, akaonja tena, akasema haya, endelea.

"Ila ameniambia jambo moja," kijana alimwambia mama yake, na hapo kicheko kilimpungua. "Niko kwenye majaribio. Supu ikirudishwa jikoni na abiria, hata bakuli moja, narudi kumenya viazi."

Na viazi alikuwa amevimenya miaka, hadi vidole vikapata sugu. Mama aliliweka neno hilo moyoni.

Basi kila jioni alikaa meza ileile, kiti kilekile, maana ndivyo meli zile zinavyopanga watu. Jirani yake alikuwa mjane mmoja ambaye wahudumu walimwita Bi Bangili, kwa sababu bangili zilimpanda mpaka kwenye kiwiko na zilimtangulia kufika kila alikokwenda. Alikuwa amesafiri na meli nyingi na hakuna hata moja iliyompendeza.

"Nyama hii," angesema huku akiichoma kwa uma, "ilichinjwa nahodha hajazaliwa." Ukija mkate: "Huu ukimrushia mtu, ni kesi." Supu nayo hakuipenda. "Inanukia kama jikoni kwa shangazi yangu. Nimelipa pesa zote hizi nije kula kwa shangazi?"

Mama alikuwa akimeza cheko pamoja na supu. Kila kijiko kilimwambia kwamba mwanawe yuko mzima, chini ya sakafu ile ya zulia jekundu, anafanya kazi yake.

Sasa jioni moja bahari ilichafuka. Haikuwa dhoruba, ila meli ilikuwa ikiinama polepole na kuinuka polepole, na glasi zikawa zinagusana zenyewe mezani, ting, ting, kama zinasengenyana. Abiria wengi walibaki vyumbani. Mhudumu wa meza yao, kijana waliyemwita Tabasamu, alikuja akiyumba na sinia, akaweka mabakuli.

Mama aliliinamia lake. Akangoja.

Hakusikia kitu.

Alivuta pumzi tena, safari hii kwa nguvu. Kulikuwa na harufu ya karoti, ya mvuke, ya siagi kidogo. Bakuli lilikuja kimya. Akachukua kijiko, akaonja, na ulimi ukamthibitishia. Supu ilikuwa nzuri tu, lakini ilikuwa supu ya mtu mwingine.

"Leo ndiyo supu!" alisema Bi Bangili, bangili zikishangilia pamoja naye. "Leo wamepata akili. Nyepesi, safi. Mwenzangu, mbona huli?"

Mama alikiweka kijiko chini.  Alijiambia labda mwanawe amesahau. Lakini mtu husahau kupiga mswaki? Labda kitunguu saumu kimeisha. Jana tu kilikuwepo. Labda anaumwa. Hapo macho yake yakaenda yenyewe kwenye dirisha, na nje hakukuwa na kitu ila weusi unaopanda na kushuka, na maji yakipiga ubavu wa meli kwa kishindo kizito. Alikuwa amesikia kwamba wapishi hutoka sitaha ya nyuma kupunga upepo. Akaliona jambo ambalo hakutaka kuliona. Akafumba macho, nalo likabaki palepale.

"Mwanangu," alimwita Tabasamu. "Yule wa supu, yuko jikoni leo?"

Tabasamu alijua wao ni nani. Jikoni wote walijua. "Yupo, mama! Mzima wa afya kabisa."

Mama hakuwa amemuuliza habari za afya.

"Hebu nenda kamwambie namsalimia, uniletee jibu."

Kijana akaenda. Milango ya jikoni, ile miwili inayopepea, ikammeza. Mama akaitazama ikipepea mpaka ikatulia. Tabasamu alirudi haraka kuliko inavyompasa mtu aliyezungumza na mtu.

"Anasema shikamoo mama yangu, kula vizuri."

"Kasema hivyo? 'Mama yangu'?"

"Ndivyo hasa."

"Kwa mdomo wake?"

Tabasamu alianza kupanga vijiko vilivyokuwa vimeshapangwa. "Mama, kuna kazi nyingi kule leo," alisema, kisha akaondoka.

 Sasa mama alijua kwamba Tabasamu anamficha jambo, ila hakujua ni jambo gani. Alikaa amelikodolea bakuli macho, supu ikiinama na meli upande huu na upande ule. Njia ya kumtoa mpishi mkuu jikoni ilikuwa moja tu, nayo ni kurudisha chakula. Lakini je, kama mwanawe yuko kule amechoka tu, mkono umemteleza? Basi mama mtu ndiye atakayemrudisha kwenye viazi, mbele ya wenzake, kwa ulimi wake mwenyewe. Atamtazama vipi usoni? Na akinyamaza, na kumbe kijana yuko mahali anaita na hakuna wa kumsikia?

Alipoona mafuta yameanza kuganda juu ya supu, alipiga moyo konde.

Alilisukuma bakuli. "Supu hii ni mbaya," alisema kwa sauti iliyofika meza ya tano. "Irudisheni. Niitieni mpishi mkuu."

"Ebo!" Bi Bangili alishika kifua. "Siku zote nalalamika mimi, leo imekuwa nzuri ndiyo unairudisha wewe?"

Mpishi mkuu alitoka akifuta mikono, mtu mrefu mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri. Aliinama kwa adabu. "Shikamoo, mama. Supu ina kasoro gani? Nimeionja, iko kama ilivyoandikwa."

"Marahaba. Ndiyo kasoro yake. Aliyeipika namtaka hapa."

Alitaka kukataa. Akauona uso wa mama, akageuka, akatoa ishara mlangoni. Akaja mpishi mmoja mnene, kofia imekaa upande, jasho linamtoka. Mama alimjua kwa masimulizi. Huyu ndiye Bonge, mwandani wa mwanawe, wanalala chumba kimoja.

Mpishi mkuu alikuwa wa kwanza kushangaa. "Wewe? Wewe si wa nyama?"

Bonge akatazama zulia. "Samahani, bosi. Nimemshikia mwenzangu. Amelala. Alikuwa hoi tangu jana, nikasema nimfunike leo."

Desturi hiyo ipo kila jikoni. Mmoja akizidiwa na usingizi, mwingine hushika mwiko wake, na wote waliobaki hujifanya vipofu. Ndiyo maana Tabasamu alidanganya, na mpishi wa mboga na muosha vyombo nao wangedanganya kama wangeulizwa. Walidanganya kwa mapenzi.

"Umemwona amelala?" mama aliuliza.

"Mama, yupo tu chumbani..."

"Nakuuliza, Bonge. Umemwona kwa macho yako?"

Glasi zikagonga, ting. Bonge akaivua kofia.

"Sikumwona," alisema polepole. "Mchana alisema anashuka kuchukua mifupa ya supu. Alipochelewa nikajua amepitia kitandani ajinyooshe kidogo."

"Na mifupa iko wapi?"

"Haikuja. Nilitumia iliyobaki jana."

 Mpishi mkuu akageuka na kukimbia. Mtu mzima yule, kwenye ukumbi wa wageni, alikimbia. Mama akainuka nyuma yake, mtandio mkononi, akaipita milango ambayo abiria hapiti.

Jikoni kulikuwa na mwanga mkali na kelele za sufuria, na kelele zikazimika kila alipopita. Sakafu ilikuwa na unyevu, akashikilia meza za chuma. Ngazi za chini zilikuwa nyembamba, wima kama za kupandia dari, na kila hatua meli ilimvuta upande. Hewa ikawa ya baridi zaidi. Akatokea kwenye ujia mrefu wa kuta nyeupe, mabomba juu, taa moja ikipepesa. Mwisho wa ujia kulikuwa na mlango mnene wa chuma wenye mpini mrefu, wa chumba cha kugandishia nyama na samaki. Ukutani kando yake palikuwa na misumari ya kutundikia makoti mazito ya kuingilia ndani.

Msumari mmoja ulikuwa mtupu.

"Mungu wangu," alisema Bonge nyuma yake. "Nimepita hapa chini mara ngapi leo."

Mlango ule ulikuwa na kitufe cha kuusukuma kwa ndani. Barafu ilikuwa imekishika kikawa jiwe. Na kengele ya ndani iliharibika siku nyingi, ikasubirishwa fundi wa bandari ijayo. Hayo mama aliyajua baadaye. Wakati ule aliona wanaume wawili wananing'inia kwenye mpini, na mlango ukaachia kwa mlio kama wa mfupa unaovunjika, na ukungu mweupe ukawatokea miguuni.

Kijana alikuwa ameketi kwenye kona, juu ya makasha ya samaki. Alikuwa amechana maboksi akajizungushia, akavuta koti mpaka masikioni. Nyusi zilikuwa nyeupe kama za mzee. Hakugeuka mlango ulipofunguka.

 Mama alisimama kizingitini, mkono mdomoni, akimtazama kifua. Alitazama, alitazama. Ukungu ulikuwa mwingi, na mapigo ya injini yalitikisa kila kitu, hata hakuweza kujua kinachotikisika ni nini.

Kisha mvuke mdogo ukatoka puani mwa kijana, kama wa sufuria iliyoepuliwa zamani.

Walimbeba kwa pamoja, Bonge akilia waziwazi. Daktari wa meli alikataza asisuguliwe wala asipewe maji ya moto. Alimlaza, akamfunika tabaka kwa tabaka, akampasha taratibu. Mama aliwekewa kiti. Hakumshika mikono, kwa kuwa ilikuwa imefungwa pamba nyeupe yote miwili, na daktari alisema vidole viwili vya kushoto bado hajaridhika navyo. Mwanawe hushika kisu kwa mkono wa kushoto.

Ilichukua muda mrefu midomo kupata rangi. Ilipopata, ilijikongoja.

"Bi Mkubwa... nani kajua?"

"Supu."

Akafumba macho. Halafu macho yakamtoka, na mama akaona kwamba hata sasa, ametoka alikotoka, kuna kitu kingine kinachomtisha. "Hukuirudisha?"

"Nimeirudisha."

Mpishi mkuu alikuwa amesimama mlangoni, kofia kaifinyanga mkononi. Mama alimgeukia, akamtazama, na mpishi mkuu akatazama chini. "Ile haikuwa supu yake," alisema mpishi mkuu kwa sauti ya chini. Akarudi alikotoka, na nyuma yake mlango wa chumba cha wagonjwa, mzito, wa chuma kama milango yote ya melini, ukaanza kujifunga wenyewe taratibu.

Mama aliruka kutoka kitini. Akavua kandambili yake moja, akaikandamiza mlangoni kabla haujafika. Daktari akasema, mama, utapigwa na baridi ya sakafu.

"Acha inipige," alisema. Akakaa hapo mguu mmoja mtupu, akisikiliza pumzi za mwanawe na jicho lake lisibanduke kwenye ule upenyo.